Mashine ya Kupimia Visahani vya Kurusha

Kisahani cha plastiki cha mchezo wa kurushiana, chenye gramu 175, huelea kwa sababu mwendo wake hukipa nguvu ya kuinuka, na mzunguko hukizuia kupinduka. Mkono haurudii mrusho uleule. Majaribio huhitaji mashine. Muundo mmoja hubana kisahani kati ya magurudumu mawili ya mpira yanayozungushwa na mota. Wastani wa mwendo wa magurudumu huamua kasi ya kisahani. Tofauti ya mwendo kati ya magurudumu hayo huamua mzunguko. Pembe hupangwa kwa fremu yenye bawaba.

Mahali pa jaribio napo huandikwa, kwa kuwa hewa hutofautiana. Mpemba, kwenye nyanda za juu za Tunduma, hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam: nguvu ya kuinua hupungua, ukinzani pia. Matokeo ya sehemu hizo yasilinganishwe kabla ya kusahihishwa.