Fahamu: Matangi ya Kigamboni na bei ya mafuta Posta

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mdhibiti wa nishati, hutangaza bei kikomo za mafuta, na wenye daladala za Posta na bodaboda wa Kariakoo jijini Dar es Salaam hupiga hesabu upya. Sehemu ya bei hiyo huanzia ng'ambo ya Magogoni, kwenye matangi ya Kigamboni.

Huko ndiko iliko TIPER, iliyojengwa na Waitaliano miaka ya 1960 kusafisha mafuta ghafi. Rhodesia, njia ya mafuta ya Zambia, ilipojitangazia uhuru mwaka 1965, nchi hiyo jirani ilibanwa koo kwa mafuta. Ndipo likaja bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia, lililofunguliwa 1968. TIPER iliacha kusafisha zamani. Sasa ni ghala, nusu mali ya Serikali.

Meli kubwa ya dizeli haifiki gatini. Hufungwa kwenye boya baharini, Mjimwema, na mzigo hupita kwenye bomba lililolala chini ya maji. Kasheshe ni kwamba matangi yametawanyika, kila kampuni na yake, hivyo mafuta hushushwa kwa mafungu. Meli ikichelewa kushusha, tozo za ucheleweshaji huhesabiwa kwa dola, na mlipaji wa mwisho ni abiria.

Ndiyo maana Mamlaka ya Bandari (TPA) inajenga matangi 15 ya meta za ujazo 378,000, kwa Sh678.6 bilioni: mzigo ushushwe na kupimwa mahali pamoja. Tozo zitapungua, lakini usitarajie miujiza. Mafuta yenyewe bado tunayanunua nje.