Lishe ya Mshipani Nyumbani

Kazi kubwa ya kunyonya chakula hufanywa na utumbo mwembamba. Kwa mtu mzima una urefu wa mita kadhaa, lakini ukibaki chini ya mita 2 mwili huanza kushindwa kujitosheleza. Mara nyingi utumbo hupotea ghafla: damu imeganda katika mshipa unaoulisha, umejisokota ukafa, au mtoto amezaliwa nao ukiwa umekatika. Wengine huupoteza kidogo kidogo, upasuaji baada ya upasuaji, kwa sababu ya ugonjwa wa Crohn. Mgonjwa wa namna hii anaweza kumaliza sahani yake ya chakula na bado akakonda hadi kufa.

Wengi hudhani kwamba dripu inaweza kuziba pengo hilo. Lita moja ya dripu ya kawaida ya glukosi ina gramu 50 za sukari, sawa na kalori kama 170. Anayehitaji kalori 2,000 kwa siku angehitaji karibu lita 12, na maji hayo yangemuua kabla ya njaa. Sukari ikiongezwa ndani ya maji machache, mishipa ya mkono huvimba, huuma na kuziba. Ufumbuzi ni kuipeleka lishe kwenye mshipa mkuu unaoingia moyoni, ambako damu hupita kwa wingi na kuizimua papo hapo. Hapo hata mchanganyiko mzito mara 6 kuliko damu huvumilika.

Stanley Dudrick na wenzake walithibitisha jambo hilo mjini Philadelphia, Marekani, katika miaka ya 1960. Walilea watoto wa mbwa kwa lishe ya mshipani pekee, wakawalinganisha na ndugu zao waliokula kwa mdomo, na ukuaji ulilingana. Kisha akaja mtoto mchanga wa kike aliyezaliwa karibu hana utumbo mwembamba. Alilishwa hivyo kwa miezi 22, akaongezeka uzito na kukua. Wakati huohuo Arvid Wretlind wa Sweden alikuwa ametengeneza mafuta ya soya yaliyosagwa kuwa matone madogo mno, yakishikiliwa na kiambato cha kiini cha yai, ambayo damu iliweza kuyapokea.

Kuwaweka watu wodini maisha yao yote hakukuwezekana. Kuanzia mwaka 1970, madaktari wa Toronto, New York na Seattle walianza kuwarudisha wagonjwa nyumbani na mifuko yao ya lishe. Kilichowezesha safari hiyo kudumu ni mrija zaidi kuliko chakula chenyewe. Mwaka 1973 John Broviac na Belding Scribner wa Seattle walieleza mrija laini wa silikoni unaopitishwa chini ya ngozi ya kifua kabla ya kuingia mshipani karibu na mtulinga. Mrija huo una pete ndogo ya kitambaa ambayo nyama ya mwili huishika baada ya wiki chache, hivyo hautoki kwa urahisi, na vijidudu vya ngozini hukutana na kizuizi njiani. Scribner alikuwa amekwisha kujipatia sifa katika usafishaji damu wa wagonjwa wa figo, na kutoka huko alijua kwamba mgonjwa aliyefundishwa vizuri anaweza kuendesha tiba ngumu nyumbani kwake.

Mafunzo huchukua siku au wiki kadhaa, na kazi hufanyika zaidi jioni. Mfuko hutolewa kwenye friji mapema upoteze ubaridi, kisha hukaguliwa kwenye mwanga: ukionyesha utando wa mafuta uliojitenga, hautumiki. Vitamini huongezwa mwishoni kwa sababu haziishi muda mrefu ndani ya mchanganyiko. Meza hufutwa, mikono huoshwa kwa sabuni, kifuniko cha mrija husuguliwa kwa spiriti na kuachwa kikauke. Maji ya chumvi (salini) hupitishwa kwanza ili kuhakikisha njia iko wazi, ndipo pampu huunganishwa. Lishe huingia kwa saa 10 hadi 14 mgonjwa akiwa amelala. Katika saa ya mwisho pampu hupunguzwa kasi, maana mwili ulikuwa ukimwaga insulini usiku kucha, na sukari ikikatwa ghafla hushuka. Asubuhi mrija huoshwa tena na kufungwa, na mtu huenda kazini au shuleni.

Hatari kubwa ni vijidudu kuingia kwenye damu kupitia mrija. Dalili yake ni homa na kutetemeka kwa baridi, mara nyingi muda mfupi baada ya pampu kuwashwa. Homa ya mtu mwenye mrija haitibiwi kwa kukisia malaria wala kusubiriwa hadi asubuhi: lishe husimamishwa, mgonjwa hupelekwa hospitali, na damu huchukuliwa mrijani na mkononi ili kuoteshwa. Wanaoambukizwa mara kwa mara hujaziwa dawa ya taurolidini ndani ya mrija unapokuwa haufanyi kazi.

Mwili unaolishwa hivi hupata kile tu kilichotiwa mfukoni. Mwaka 1977 madaktari wa Toronto walieleza habari za mwanamke ambaye, baada ya zaidi ya miaka 3 ya lishe hii, alikonda, sukari ikampanda na neva za miguu zikaharibika. Alipoongezewa kromiamu alipona. Tangu hapo madini ya kiasi kidogo hupimwa kwa makini, pamoja na ini, ambalo huweza kudhoofika, hasa kwa watoto.

Si wote hubaki na mfuko maisha yao yote. Utumbo uliosalia hujitanua na kuongeza uwezo wake, zaidi katika miaka 2 ya mwanzo, ndiyo maana wagonjwa wengi huhimizwa kula kidogo kwa mdomo. Dawa ya tedugulutaidi, iliyoidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka 2012, huusaidia utumbo huo kunyonya zaidi, na baadhi ya watumiaji hupunguziwa usiku wa pampu au kuachana nayo kabisa. Kupandikizwa utumbo hufikiriwa zaidi pale ini linapoharibika au mishipa mikuu inapoziba ikakosekana njia ya mrija mwingine.