Mtaro uliokaa kwenye makabrasha miaka 29: wakazi wa San Antonio walivyoufuatilia

Kila mvua zinapokolea, simu ya kipindi chetu cha asubuhi hujaa ujumbe wa aina moja. Karavati limezibuka, barabara imekatika, watoto wameshindwa kuvuka kwenda shule. Na karibu kila mara mtumaji huongeza kwamba kero hiyo inajulikana, mradi wake upo kwenye mpango. Upo kwenye mpango tangu lini? Hapo ndipo watu hucheka.

Leo tunawapeleka mbali kidogo, katika jiji la San Antonio, jimbo la Texas, kusini mwa Marekani. Huko wapo wakazi waliokaa na mradi wa namna hiyo miaka 29. Tunaieleza habari yao kwa sababu njia waliyoitumia kuutoa mradi huo kwenye makabrasha inaeleweka hatua kwa hatua, na haikuanza na maandamano.

Ni akina nani hawa?

Texas ilikuwa sehemu ya Meksiko hadi mwaka 1836. Kwa hiyo San Antonio zipo familia ambazo hazikuhamia Marekani. Mpaka ndio uliowahama. Wengine walikuja baadaye kutafuta kazi. Wamarekani hawa wenye asili ya Meksiko ni sehemu ya watu wanaoitwa Walatino, jina la jumla la wenye asili ya nchi za Amerika ya Kilatini. Miaka ya 1970 walikuwa takribani nusu ya wakazi wa San Antonio, na wengi wao waliishi upande wa magharibi wa jiji.

Upande huo ni bondeni. Vijito vya Alazán na Apache hupita humo, na mvua kubwa ikinyesha hufurika. Septemba 1921 mafuriko yaliua makumi ya watu, wengi wao wa huko magharibi. Baada ya maafa hayo jiji lilijenga bwawa la Olmos, ambalo liliikinga sehemu ya katikati, penye maduka na benki. Magharibi walibaki na vijito vyao. Nusu karne baadaye bado kulikuwa na mitaa isiyo na lami wala mitaro, ambako maji yaliingia hadi chumbani.

Kwa nini hawakuchagua madiwani wa kuwatetea? Hapa inabidi tusimame kidogo, maana ndiyo fundo lenyewe. San Antonio wakati huo haikuwa na kata za uchaguzi. Baraza lilikuwa na wajumbe tisa, na kila mmoja alipigiwa kura na jiji zima. Mgombea wa magharibi alilazimika kufanya kampeni jiji zima, kwa fedha ambazo hakuwa nazo, mbele ya wapiga kura ambao hawajawahi kukanyaga mtaa wake. Kundi moja la wenye biashara, Good Government League, lilipanga orodha ya wagombea tangu katikati ya miaka ya 1950, na kwa kawaida orodha hiyo ndiyo iliyoshinda. Diwani wa jiji zima hana mtaa wa kumdai.

Alianza kwa kuuliza

Mwaka 1973 alirudi nyumbani kijana mmoja wa San Antonio, Ernesto Cortés, aliyezaliwa humo mwaka 1943. Alikuwa amepata mafunzo katika Industrial Areas Foundation, taasisi iliyoanzishwa Chicago mwaka 1940 na Saul Alinsky kufundisha wakazi wa mitaa maskini namna ya kujipanga.

Cortés hakuita mkutano wa hadhara. Alizunguka akizungumza na watu mmoja mmoja, mamia kwa mamia, akianzia kwenye parokia za Kikatoliki. Aliwauliza swali jepesi: nini kinakunyima usingizi? Wanaharakati wa siku hizo walizungumzia zaidi ubaguzi na ukatili wa polisi, mambo makubwa na ya kweli. Akina mama jikoni walimjibu habari za maji ya mvua, bili za umeme na gesi, na watoto kutembea kwenye matope kwa sababu barabara haina njia ya waenda kwa miguu. Akayachukua hayo.

Tunalisisitiza hili kwa sababu tumekaa kwenye mikutano mingi ambayo mgeni anakuja na ajenda yake tayari imeandikwa. Watu wanapiga makofi, wanakunywa soda, wanaondoka.

Jambo la pili aliloangalia ni nani hasa anaaminiwa mtaani. Hakuwatafuta wasemaji hodari. Aliwatafuta walioendesha sherehe za parokia, waliokuwa wakiuza vyakula na kurudisha hesabu kamili, na wazazi wa kamati za shule. Wengi walikuwa wanawake. Mwaka 1974 parokia hizo ziliunda umoja wao, ukaitwa COPS, herufi za mwanzo za maneno yenye maana ya jumuiya zilizojipanga kwa ajili ya huduma za umma. Kwa Kiingereza cha mtaani neno hilo pia ni polisi, na jina likakaa vichwani. Rais wa kwanza alikuwa Andrés Sarabia, mfanyakazi wa kiraia katika kambi ya jeshi la anga. Aliyemfuata ni Beatrice Gallego, mama wa nyumbani aliyejitolea katika chama cha wazazi na walimu.

Parokia zililipa ada ya uanachama. Hawakuendeshwa kwa fedha za serikali, na hilo lilikuwa la makusudi: wangewezaje kumbana meya anayewalipa mishahara?

Agosti 1974

Mwezi huo mvua kubwa ilinyesha na nyumba za magharibi zikajaa maji tena. Safari hii wakazi walikuwa wamejiandaa. Walikuwa wamekwenda ofisi za jiji na kusoma makabrasha: mipango, ramani, bajeti za miaka iliyopita. Kazi hiyo ilifanywa na watu wa kawaida baada ya saa za kazi.

Walimwita meneja wa jiji, yaani mtendaji mkuu, kwenye mkutano uliojaa mamia ya watu. Kisha wakajaza ukumbi wa baraza la madiwani. Hawakusema "tunaomba mtusaidie". Walimweleza meya, Charles Becker, kwamba mradi fulani wa mtaro uliingizwa kwenye mpango wa jiji mwaka 1945 na haujajengwa. Meya alimgeukia mtendaji wake kuuliza kama ni kweli. Ilikuwa kweli.

Hebu tujiweke kwenye kiti cha yule meya. Mtu akilalamika kwamba mtaa wake unafurika, unaweza kumpa pole na kuahidi kulifanyia kazi. Mtu akikuonyesha mwaka, jina la mradi na ukurasa, mbele ya ukumbi uliojaa, pole haitoshi. Becker aliagiza mpango wa fedha uandaliwe. Novemba mwaka huo huo wapiga kura waliidhinisha jiji likope kwa hatifungani zaidi ya dola milioni 46 kwa ajili ya miradi ya mitaro.

Miezi mitatu, baada ya miaka 29.

Senti moja moja benki

Mambo hayakuendelea kwa upole huo. Mwanzoni mwa 1975 COPS walitengeneza bajeti yao mbadala ya jiji na kuwataka wakubwa wa biashara waiunge mkono, kwa sababu walijua baraza linawasikiliza hao. Wakapuuzwa. Februari mamia ya wanachama waliingia Joske's, duka kubwa la nguo, wakaanza kujaribu makoti na magauni bila kununua. Baadaye wakaenda benki ya Frost, wakapanga foleni kubadilisha noti kuwa senti moja moja, wakazunguka na kupanga tena kubadilisha senti kuwa noti. Hakuna sheria iliyovunjwa, lakini kazi ilisimama. Wakubwa wakakubali mazungumzo.

Hapo studio kwetu tulibishana. Mmoja wetu alisema ni werevu mtupu. Mwingine aliuliza habari za karani wa dirishani, ambaye hakumnyima mtu mtaro, akahesabu senti siku nzima. Hata ndani ya COPS wapo walioona aibu. Tunachojua ni kwamba mkuu wa benki hiyo, Tom Frost, miaka mingi baadaye alikuwa miongoni mwa wafanyabiashara walioshirikiana nao.

Kubadilisha kanuni ya kura

Mtaro mmoja ukijengwa, bado utabaki unaomba wa pili. Hivyo wakageukia uchaguzi wenyewe. Serikali kuu mjini Washington ilikuwa imehoji, kwa kutumia sheria ya haki ya kupiga kura, namna San Antonio ilivyopanua mipaka yake na kupunguza uzito wa kura za Walatino. Jiji likalazimika kupeleka swali kwa wananchi. Januari 1977 wapiga kura waliamua, kwa tofauti ndogo sana, kwamba jiji ligawanywe kata 10, kila kata na diwani wake, na meya achaguliwe na wote. COPS walitembea nyumba kwa nyumba kutafuta kura hizo.

Aprili mwaka huo baraza jipya la watu 11 lilikuwa na Wamarekani watano wenye asili ya Meksiko na mmoja mwenye asili ya Afrika. Sita kati ya 11. Mwaka 1981 Henry Cisneros akawa meya wa kwanza mwenye asili ya Meksiko katika jiji hilo tangu miaka ya 1840.

COPS wenyewe hawakusimamisha mgombea hata mmoja, wala hawakuunga mkono chama. Walichofanya ni kuwaalika wagombea wote mbele ya umati na kuwauliza maswali yaliyoandikwa mapema: utapigia kura mradi huu, ndiyo au hapana? Mgombea alipewa dakika chache tu. Wasemaji hawakuzoea, wengine walikasirika. Jibu liliandikwa, na baada ya uchaguzi lilifuatiliwa.

Na Cortés? Kwenye mikutano hiyo alikaa nyuma. Kanuni ya mafunzo yao ni kutomfanyia mtu jambo analoweza kulifanya mwenyewe, kwa hiyo mikrofoni ilishikwa na wenye mitaa.

Yaliyobaki

Tusiwadanganye kwamba magharibi ya San Antonio imekuwa tajiri. Mitaro, lami, maktaba na nyumba zilijengwa, lakini umaskini upo. Mwaka 1990 kiwanda cha nguo cha Levi Strauss kilifungwa na zaidi ya watu 1,000 wakapoteza kazi, wengi wao wanawake wa Kilatino. Barabara ya lami haimlishi mtu aliyeachishwa kazi. COPS na umoja mwenzake walikaa na waajiri, wakauliza ni kazi zipi zinakosa watu na zinalipa vizuri, na mwaka 1992 wakaanzisha Project QUEST, mpango unaowalipia watu wazima masomo ya uuguzi na ufundi. Utafiti uliowafuatilia wanafunzi hao kwa miaka mingi ulionyesha kipato chao kilipanda kuliko cha wenzao waliokosa nafasi. Mpango huo bado upo.

Jumamosi hii tutazungumza hewani kuhusu miradi iliyokaa kwenye mipango ya vijiji vyetu. Ukituma ujumbe, taja jina la mradi na mwaka ulioingizwa kwenye mpango. Kama huna mwaka, mwombe mtendaji wa kijiji akuonyeshe kitabu kabla ya Ijumaa.