Sema "Chiizi": Kweli na Uongo Kuhusu Picha ya Familia Yenye Watoto

Jumamosi, saa kumi jioni, familia ya watu saba inashuka kwenye bajaji mbili mbele ya studio. Baba kapiga kanzu nyeupe, mama na bibi wameshona kitenge sare. Wa mwisho, mwaka mmoja na nusu, kabaki na soksi moja na amelia kutoka Tabata. Kabla sijafungua taa nimeshapewa ushauri na kila mtu mzima aliyeingia. Ushauri huo nimeusikia miaka mingi, na sehemu yake ni kweli.

"Jioni ndiyo picha zinatoka." Kwa mwanga, kweli. Kwa mtoto, uongo. Jua la mchana hapa kwetu linasimama utosini na kuchimba mashimo meusi chini ya nyusi, kwa hiyo wanaolikimbia wana haki. Ila jioni mtoto amechoka na njaa imeanza, na karibu na ikweta jua huzama wima, hivyo ule mwanga laini unaousubiri haukai. Nipe saa mbili na nusu asubuhi, mtoto kalala vizuri na uji ameshakunywa. Mkichelewa, tutahamia kivuli cha baraza. Chini ya mwembe pia pazuri, mradi msikae juu ya nyasi zinazopigwa na jua. Zitawapaka ukijani kidevuni.

"Mtoto akae tuli." Uongo wenye historia. Mbinu ya picha ya Mfaransa Daguerre ilipotangazwa kwa dunia mjini Paris mwaka 1839, picha moja iliweza kuchukua dakika kadhaa, na anayetikisika alitoka ukungu. Karne ile, huko Ulaya na Marekani, akina mama walikuwa wakifunikwa shuka na kugeuzwa kiti, mtoto akashikiliwa bila mshikaji kuonekana. Ukizitazama picha hizo leo utaona kichanga kapakatwa na kitu kama mzimu. Kamera za sasa zinakamata mtoto anayekimbia kwa sehemu moja ya 500 ya sekunde. Sababu imekwisha zamani, amri ya "tulia!" imebaki.

Wa kutulia ni ninyi wakubwa. Picha nyingi za familia haziharibiwi na mtoto, zinaharibiwa na mama anayeinama kumwambia "angalia kule". Mtoto anageuka, anatabasamu nusu sekunde, na mama ndio kwanza anatazama utosi wake. Siku hizi nawaambia mapema: tazameni lenzi, tabasamuni, mtoto niachieni mimi. Akigeuka, wote mko tayari.

"Mwite kwa nguvu atatazama." Atatazama, lakini wapi? Shangazi anapiga makofi mlangoni, kaka anatikisa funguo dirishani, jirani aliyesindikiza anaimba. Macho ya mtoto yanazunguka kama feni. Mwitaji awe mmoja tu, asimame nyuma ya kichwa changu, achungulie na kujificha. Pipi ya kumtuliza sitaki kuiona: shavu linavimba upande mmoja na ulimi unageuka mwekundu.

"Sema chiizi!" Uongo, ingawa unafanya kazi kwa bahati. Sauti ile inavuta midomo tu, macho hayacheki. Ila kwetu chizi ni mtu aliyerukwa na akili, na mtoto wa miaka minne akiambiwa amwite baba yake chizi mbele ya watu, anacheka kicheko cha kweli. Hapo ndipo nabonyeza.

"Mtoto mweusi hatoki, ongeza mwanga mpaka ang'ae." Huu ndio uongo unaoniudhi kuliko wote, na wapiga picha wenyewe tumeueneza. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha za rangi zilirekebisha mitambo kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kama kadi za Shirley. Ngozi yake ikitoka sawa, kazi imekwisha. Yetu haikuwa kwenye hesabu.

Hata sasa kamera ikiachiwa iamue, inapima mwanga kana kwamba dunia yote ni ya kijivu. Mweke mtoto kifuani mwa baba mwenye kanzu: weupe unajaa fremu, kamera inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso wa mtoto unazama. Mhamishie kwa mama mwenye buibui jeusi, inafanya kinyume na uso unapauka. Kosa si la ngozi. Pima mwanga usoni mwa mtoto, basi. Na mkiletewa albamu ambayo mwanenu kapaushwa kwenye kompyuta, irudisheni.

"Ile picha ya kichanga kashika mashavu kama anayewaza, nami nataka." Utaipata, lakini jua kwamba ni picha mbili. Katika ya kwanza mtu ameshika kichwa, katika ya pili ameshika viganja, kisha zinaunganishwa na mikono ya watu inafutwa. Shingo ya mtoto wa wiki moja haiwezi kubeba kichwa chake. Msijaribu kitandani.

"Mzazi amelipa, kwa hiyo naweza kumposti mtoto mtandaoni." Huo ni uongo wa upande wetu. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inayodai ridhaa ya mzazi kwa taarifa za mtoto, na mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za wanafunzi bila ridhaa hiyo. Tanzania nayo ilitunga yake mwaka 2022. Bibi anayekataza kwa kuogopa husuda amefika palepale kwa njia yake.

"Flashi itampofusha." Uongo. Mwako wa flashi ya kawaida ni mfupi mno, na madaktari wa macho wenyewe hupiga picha ndani ya jicho kwa mwanga wa namna hiyo. Kichanga anaweza kushtuka, ndiyo maana naigeuzia darini.

Flashi ya simu inaweza hata kuwasaidia. Kwa kuwa iko jirani na lenzi, hufanya mboni zing'ae nyekundu. Mboni moja iking'aa nyeupe, huenda ni pembe tu ya picha, au ni mtoto wa jicho, au ni retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata zaidi watoto wa chini ya miaka 5. Ikiwahiwa inatibika. Pitieni picha za watoto wenu usiku huu, na mkiiona hiyo nyeupe msiifute: mpelekeni mtoto kliniki ya macho pamoja na simu yenyewe.