Bei ya sahani imeganda, kinachopungua ni wali

Anayekula mchana Kariakoo, Buguruni au Feri, jijini Dar es Salaam, analijua hili: mama lishe haongezi bei ya wali maharage hivi hivi, maana wateja watahamia meza ya jirani kesho yake. Anachogusa ni kipimo. Mchele ukipanda, upawa unajaa nusu. Mafuta ya kula yakipanda, kama ilivyokuwa 2022, kipande cha samaki kinakuwa chembamba. Mteja analalamika lakini analipa.

Ukiuliza upande wa serikali kuhusu gharama, jibu linarudi kwenye nishati. Ofisa mmoja, aliyeomba jina lake lisitajwe, anataja asilimia 80: hao ndio Watanzania watakaokuwa wakipikia nishati safi ifikapo 2034, kwa mujibu wa mkakati wa taifa. Kwa maelezo yake, mama lishe watakuwa wa kwanza kunufaika, kwa kuwa wanapika kutwa. Hesabu inapendeza masikioni. Ila anayechemsha chai ya watu wanne na anayepika maharage ya mafundi na bodaboda wa mtaa mzima wamewekwa kapu moja, na ofisa hakufafanua.

Mama lishe mmoja wa Ilala ana mtungi wa kilo 6. Anaukorogea uji na kuchemshia chai asubuhi, basi. Maharage na makande anayainjika kwenye mkaa, kwa sababu yanataka moto wa saa nyingi, na gesi ikikata saa tano, chakula kikiwa hakijaiva, hana fedha za kujaza mtungi kwa mkupuo. Mkaa ananunua kwa ndoo, kulingana na kilichomo kwenye pochi. Anajua ndoo ni ghali kuliko gunia. Gunia halinunuliki kwa mauzo ya siku moja.

Kinachomuuma zaidi ni eneo. Tangu wafanyabiashara wadogo waondolewe kandokando ya barabara mwaka 2021, anasema, kizimba alipata, wateja wakabaki barabarani. Sasa anapeleka vyakula kwenye vijiwe kwa hotpoti, na daftari la mkopo linanenepa. Anayelipa kwa simu naye humwachia makato ya kutolea.

Baa za Sinza na Kinondoni zina hesabu nyingine. Huko faida ya bia ni nyembamba, na mara nyingi jiko la nyama choma limekodishwa kwa mtu mwingine kabisa, anayebeba hasara ya mbuzi aliyelala.

Gesi ya kulipia kidogo kidogo kwa mita ipo jijini, na huenda ikapunguza makali iwapo itawafikia wanaopikia nje, siyo majumbani tu. Mchele mpya nao, mavuno ya Mbeya na Morogoro yakiwa mazuri, kwa kawaida hushusha bei katikati ya mwaka. Kama upawa utajaa tena, mama wa Ilala hana hakika: kodi ya kizimba, anasema, haina msimu wa mavuno.