Sketi Moja, Watoto Wawili: Hesabu ya Nguo za Kurithishana

Januari, siku chache kabla shule hazijafunguliwa, nilimnunulia mwanangu wa pili sweta jipya la shule. Machi, nikitafuta shuka, nikakuta sweta la dada yake chini kabisa ya begi la shangazi kaja, zima, vifungo vyote vipo. Fedha ile ingenunua madaftari ya muhula mzima. Nguo ya kurithishana ina gharama zake: kufua, kurekebisha, kutunza. Faida yake humfikia mzazi anayejua alichonacho.

Ipi irithiwe, ipi inunuliwe

Nguo za mtoto mchanga ndizo hurithika vizuri kuliko zote. Mwaka wa kwanza mtoto huongezeka urefu kwa takriban sentimita 25, na uzito wake hufika mara tatu ya ule aliozaliwa nao, hivyo nguo humbana kabla haijachakaa. Kumjazia mchanga nguo mpya ni hasara. Za ndugu yake zinatosha, na pengo lijazwe na mitumba safi.

Umri wa shule mambo hugeuka. Mtoto hurefuka sentimita tano au sita kwa mwaka, na kinachokwisha sasa ni kitambaa, hasa magotini na makalioni. Kwa hiyo siku unapomnunulia wa kwanza, chagua kitambaa imara, maana unamnunulia na mdogo wake.

Sare: ya dukani au ya fundi?

Ada imefutwa katika shule za msingi za serikali, lakini sare bado inatoka mfukoni mwa mzazi. Chukulia bei za mfano, kisha uweke za sokoni kwako. Sketi nyepesi ya dukani ni Sh12,000 na inahimili mwaka mmoja. Kwa miaka mitatu utanunua tatu: Sh36,000. Sketi ya kushona kwa kitambaa kizito ni Sh20,000. Dada anaivaa miaka miwili, mdogo anaimalizia mwaka wa tatu. Ongeza Sh4,000 za fundi, mara moja kushusha pindo na mara moja kupunguza kiuno: jumla Sh24,000. Umeokoa Sh12,000 kwa sketi moja tu. Rahisi ghali.

Sharti lake ni pindo. Mwambie fundi aache vidole vinne chini, na nafasi ya kutosha kwenye mishono ya kiunoni. Kama watoto ni wa kike na wa kiume, sketi na kaptula hazipokezani, lakini mashati na masweta yanapokezana. Shati jeupe la shule ya serikali linafaa hata mtoto akihamia shule nyingine ya serikali. Sare za shule binafsi zenye rangi na nembo zake hufia pale pale, kwa hiyo uliza kwanza kama mdogo naye atasoma hapo.

Kwa nguo za nyumbani, mitumba ya soko la Karume, Dar es Salaam, mara nyingi hushinda za dukani kwa uimara. Inyanyue nguo uitazame dhidi ya mwanga: ukiona mwanga unapenya makalioni, kitambaa kimeisha. Vuta lastiki, isiporudi, hesabu na bei ya kuibadilisha. Kola iliyochanika juu isikutishe, fundi anaweza kuifumua na kuigeuza upande wa pili.

Kutunza

Fua kabla ya kuhifadhi, kwa sababu doa la maziwa lisiloonekana leo litakuwa la njano mwakani. Anika hadi nguo ikauke kabisa, maana unyevu wa Pwani huzaa ukungu. Nguo za mchanga epuka kuzitia vidonge vya naftalini: mvuke wake unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mtoto, hasa mwenye upungufu wa kimeng’enya cha G6PD, hali isiyo ngeni katika mwambao wetu. Begi linalofungwa vizuri linatosha.

Kila begi libebe umri mmoja. Bandika karatasi nje: “Miaka 6–7: mashati 4, kaptula 3, sweta 1.” Isome Desemba kabla ya kwenda dukani, na tena kabla ya sikukuu.

Haki ya mdogo

Viatu visirithishwe vikishakaa mguu wa mwenzake, kwa kuwa soli huwa imelika kwa mwendo wa mtu mwingine. Nguo za ndani nazo ziwe mpya. Basi hapo ndipo pa kumpa mdogo kilicho chake. Sehemu ya zile Sh12,000 ulizookoa kwenye sketi mpeleke nayo dukani, avae viatu viwili vitatu, atembee navyo, achague mwenyewe. Nyumbani, fumua jina la dada kwenye kola na umshonee lake. Ni kazi ya uzi na robo saa, na Jumatatu ataivaa sare hiyo akijua ni yake.