Fahamu: Kwa nini vita vya mahandaki havichoshi kutazamwa mtandaoni

Mwaka 2014 chaneli ya The Great War ilianza kusimulia Vita Kuu ya Kwanza kwenye YouTube wiki baada ya wiki, miaka 100 baada ya matukio yenyewe. Mtangazaji wake, Indy Neidell, alikwenda nayo hadi 2018. Kisha vita vya Ukraine vikawarudisha wanajeshi mahandakini, na simulizi hizo zikaonekana za leo.

Nadhani kinachowanasa watazamaji ni mambo madogo madogo. Handaki la mstari wa mbele halikunyooka. Lilipinda kila baada ya mita chache, ili kombora likitua ndani lisiwafagie askari wote, na adui akiingia asiweze kulimiminia risasi kutoka mwisho hadi mwisho. Chini walitandika mbao kwa sababu ya maji. Miguu iliyoshinda na kukesha ndani ya buti zilizolowa ilivimba, ikafa ganzi, na wengine wakakatwa vidole.

Ila uwe macho na picha. Filamu ya Uingereza ya 1916 kuhusu mapigano ya Somme, Ufaransa, ina askari wanaopanda kutoka handakini. Tukio hilo liliigizwa mbali na adui, na bado huoneshwa kana kwamba ni halisi.

Tofauti na mahandaki hayo ya Ulaya, Afrika Mashariki Vita Kuu ya Kwanza vilikuwa zaidi vya mwendo porini, mizigo ikiwa mabegani mwa wapagazi. Jenerali Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huko, alijisalimisha Abercorn, sasa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya mapigano kusitishwa Ulaya.